Kabla ya Kupasua Injini: Gia za Pikipiki na Milima ya Karatu

Lami inayotoka Makuyuni ikishapita Mto wa Mbu huiacha tambarare ghafla. Mji huo uko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000, na mbele yake umesimama ukuta wa Bonde la Ufa. Barabara haina budi kuukwea kona kwa kona, mpaka Ziwa Manyara libaki chini kabisa upande wa kushoto. Inafuata Rhotia, kisha Karatu kwenye mita 1,500 hivi, na anayeendelea hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro hufika mita 2,300. Magari ya watalii hupanda bila taabu. Pikipiki ya cc 100 au 125 iliyobeba mshikaki, au abiria mmoja na gunia la viazi, huomba gia ya chini kabla hata ya kumaliza kona ya kwanza. Tena injini ya kabureta hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko, kwa hiyo dereva wa Karatu hukanyaga gia mara nyingi kuliko mwenzake wa pwani mwenye pikipiki ileile na mzigo uleule.

Ndiyo maana malalamiko ya gia hayaishi kwenye vijiwe vya bodaboda vya mji huu. Gia ngumu. Gia inachomoka. Nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Pedali inazunguka bure. Na jibu linalotoka haraka mno ni moja: giaboksi imekufa, tupasue injini. Jibu hilo nalipinga kwa nguvu zote. Injini ikipasuliwa, dereva anakosa siku za kazi, ananunua gasketi na sili, na injini iliyokuwa nzima inarudi barabarani ikiwa imeguswa na mikono mingi. Mara nyingi tatizo lilikuwa nje muda wote: kwenye pedali, kwenye waya wa klachi, au kwenye oili. Mtu mwenye spana chache, tambara na saa moja ya utulivu anaweza kulipata mwenyewe nyumbani kwake.

Inafaa kwanza kujua ile pedali ilitoka wapi. Hadi miaka ya 1920 pikipiki nyingi zilibadilishwa gia kwa mkono, kwa mtaimbo mfupi ubavuni mwa tangi, na dereva alilazimika kuachia usukani kila alipotaka gia nyingine. Mwishoni mwa miaka hiyo Harold Willis, mhandisi wa kampuni ya Velocette ya Uingereza, alibuni namna ya kubadilisha gia kwa mguu ambapo kila mkanyago mmoja huleta gia moja tu, kisha pedali hurudi mahali pake kungojea mkanyago unaofuata. Boxer, TVS, SanLG na Fekon zinazopaki Karatu leo zote zinafuata wazo hilo. Kwa hiyo pedali ina kazi mbili, kusukuma na kurudi. Swali la kwanza la anayetafuta ugonjwa ni hili: ni kazi ipi kati ya hizo mbili imeshindikana? Pedali isiyosukuma ina ugonjwa wake, na pedali isiyorudi ina ugonjwa mwingine.

Ndani, safari ya nguvu ya mguu ni fupi. Pedali imebana kwenye meno madogo ya shafti ya gia. Shafti hiyo inaingia kwenye kasha la injini, na ndani ina mkono wenye kucha. Kucha husukuma nyota, nyota huzungusha ngoma, na ngoma ina mifereji iliyochongwa kwa mshazari. Ndani ya mifereji hiyo hupita ncha za foku, na foku ndizo zinazosogeza gia kushoto na kulia juu ya shafti zake. Rola ndogo yenye springi hukaa kwenye mabonde ya nyota ili ngoma isijizungushe yenyewe barabarani. Springi nyingine, iliyokumbatia pini, huirudisha pedali katikati kila inapoachiwa.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawaambiwi, nalo lingeokoa injini nyingi. Meno makubwa ya gia hayaachani kamwe; yanasagana muda wote. Kinachoingia na kutoka ni meno ya ubavuni, yale mafupi na manene, ambayo gia moja huyatumbukiza kwenye matundu ya jirani yake. Pikipiki ikiwa imesimama na injini imezimwa, jino likitazamana na ukuta badala ya tundu haliingii hata ukanyage vipi. Anayejaribu gia zote akiwa amesimama na injini imezimwa atakwama kwenye ya pili au ya tatu, kisha ataamini giaboksi imevunjika wakati haina kasoro yoyote. Kipimo cha haki ni hiki: simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, tairi la nyuma liwe hewani, lizungushe taratibu kwa mkono mmoja huku mkono wa pili ukisukuma pedali. Gia zote zikiingia na kutoka hivyo, ngoma, foku na nyota zinafanya kazi, na ugonjwa utafute nje kwanza.

Hesabu ya gia nayo ijulikane kabla ya kulaumu. Boxer ndogo ya cc 100 ina gia 4 na zote huingia kwa kukanyaga mbele. Nyingi za Kichina zina gia 5, na mpangilio wa nyutro hubadilika kati ya aina na aina. Anayetoka kwenye moja kwenda nyingine hukanyaga upande usio wake wiki nzima, na pedali ndiyo inayobeba lawama.

Sasa pedali yenyewe. Udongo mwekundu wa Karatu unazaa ngano, mahindi na kahawa vizuri sana, lakini wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, hunata kwenye chuma na ukikauka huwa kama tofali. Ukijaa kati ya pedali na kava la injini, au nyuma ya kava la sproketi pale shafti inapotokea, pedali inakosa nafasi ya kumaliza safari yake. Gia inaingia nusu na kutoka mara mzigo unapoongezeka. Pedali haina nafasi ya kurudi pia, kwa hiyo mkanyago wa pili haushiki kitu. Osha sehemu hiyo kwa maji na brashi. Fungua kava la sproketi, kwangua matope yaliyochanganyika na grisi ya cheni, kausha. Najua dereva ambaye amerudi kutoka Mbulumbulu kwenye mvua hataki kuambiwa aoshe pikipiki usiku. Afanye asubuhi, lakini asiende kwa fundi kabla hajafanya.

Baada ya kuosha, chora mstari mwembamba wa rangi ya kucha unaopita kwenye ncha ya shafti na kuendelea kwenye pedali. Kanyaga gia mara kadhaa kwa nguvu ya kawaida, kisha tazama. Mstari ukikatika, upande mmoja ukaachana na mwingine, pedali inateleza kwenye meno ya shafti. Hiki ndicho chanzo cha pedali nyingi kuzunguka bure, na dawa yake huanzia kwenye spana ya namba 10. Bolti inayobana pedali ichomolewe yote, isilegezwe tu, kwa sababu kwenye pikipiki nyingi inapita kwenye mfereji uliochongwa kwenye shafti. Anayevuta pedali bolti ikiwa ndani anaharibu vyote viwili. Pedali ikitoka, angalia meno yake kwa mwanga wa jua. Kwa kawaida chuma cha pedali ni laini kuliko cha shafti, kwa hiyo inayoisha kwanza ni pedali, ambayo ni bei ndogo na inapatikana duka lolote la vipuri. Angalia pia ule ufa wa kubania. Ukikuta kingo zake mbili zimegusana, bolti haiwezi kubana zaidi hata ukaze mpaka ikatike. Kuupanua ufa huo kidogo kwa msumeno wa chuma hurudisha mbano, na pedali itakupeleka mpaka upate mpya.

Hapa lazima niseme kuhusu kuchomelea. Ni desturi iliyoenea: pedali ikiteleza, inapelekwa kwa mchomeleaji na kuunganishwa na shafti moja kwa moja. Siku hiyo inaonekana ni ukombozi, lakini shafti ya gia ya injini za ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976 na kuigwa na viwanda vingi vya China, huchomolewa kutokea upande wa klachi. Pedali iliyochomelewa upande wa pili haiachii shafti ipite. Siku springi ya ndani ikikatika, kazi ya mchana mmoja inakuwa ya kukata chuma kwa msumeno karibu na kava la alumini. Joto la kuchomelea nalo huiunguza sili ya mpira iliyo nyuma ya pedali, na kuanzia hapo oili inadondoka kwenye cheni kila siku bila mwenye pikipiki kujua ilianzia wapi. Pedali mpya ni nafuu kuliko sili, oili inayopotea na shafti nyingine. Mchomeleaji mwenyewe mara nyingi hana kosa, kwani anafanya alichoombwa. Sisi tunaoomba ndio tuache kuomba.

Pikipiki iliyoanguka kwa upande wa kushoto ina hadithi nyingine. Pedali hupinda kuelekea injini, na ncha yake ikigusa kava, gia ya kupandisha au ya kushusha haikamiliki. Inyooshwe, lakini ikiwa imetolewa kwenye shafti. Nyundo ikipigwa pedali ikiwa mahali pake, pigo linaingia kwenye shafti na kwenye tundu la alumini inamokaa. Kujua kama shafti yenyewe imepinda ni rahisi: mtu mmoja asukume pedali polepole, mwingine achungulie ncha ya shafti. Ncha iliyonyooka huzunguka mahali pamoja. Iliyopinda huyumba, na shafti hiyo itabanwa kwenye sili na kukataa kurudi hata springi ikiwa mpya.

Wakati wa kurudisha pedali ndipo unaporekebisha kimo chake, na watu wengi huruka hatua hii kwa kuirudisha ilipokuwa. Kaa kwenye pikipiki ukiwa umevaa viatu unavyoendeshea. Wa Karatu anayevaa mabuti ya mvua miezi mitatu ya mwaka anahitaji nafasi kubwa kuliko mwenye kandambili, ingawa mwenye kandambili angefaa avae viatu kwanza. Pedali ya mikono miwili, wa vidole na wa kisigino, iwekwe ili mkono wa mbele uwe karibu usawa na kikanyagio cha miguu, na wa nyuma usiguse chochote unapokandamizwa hadi mwisho. Sogeza jino moja la shafti kwa wakati, bana, jaribu, sogeza tena. Jino moja tu huonekana dogo mkononi lakini mguuni ni tofauti kubwa. Na kama unabeba magunia yanayoning'inia pembeni, hakikisha hayaukandamizi mkono wa kisigino, kwa sababu gia inayojibadilisha yenyewe kwenye mteremko wa Rhotia si jambo la mchezo.

Pedali ikiwa sawa na gia bado ni ngumu, hamia mkono wa kushoto. Klachi isiyoachia kikamilifu ndiyo inayofanya nyutro ipotee na gia ya kwanza iingie kwa mshtuko na kishindo. Kuipima, weka gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, bana klachi hadi mwisho, sukuma pikipiki. Ikienda kwa urahisi, klachi inaachia. Ikiwa nzito kana kwamba breki imeshika, pleti bado zimegandamana. Ncha ya mkono wa klachi iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20 kabla haijaanza kuvuta. Mchezo ukizidi, klachi haiachii; ukikosekana kabisa, haishiki, na pikipiki inapiga kelele mlimani bila kwenda huku pleti zikiungua. Marekebisho madogo hufanywa kwenye nati ya usukanini, makubwa kwenye nati mbili za chini karibu na injini. Legeza ya kufungia, zungusha ya kurekebishia, pima, funga.

Lakini kabla ya kuzungusha nati yoyote, utazame waya wenyewe. Vumbi la barabara ya Mang'ola, ile wanayopita vijana wanaokwenda na kurudi kwenye mashamba ya vitunguu karibu na Ziwa Eyasi, ni laini kama unga na huingia kwenye kila mrija. Waya ukikwaruza ndani ya mrija wake, hakuna marekebisho yatakayodumu. Toa ncha ya juu, simamisha mrija wima, dondoshea oili nyembamba polepole mpaka itokee chini. Ukiona nyuzi zimeanza kukatika kwenye kichwa cha waya, badilisha leo, kwa sababu waya wa klachi hukatika siku unapobanwa mara nyingi, yaani siku ya mlima na mzigo. Kwa watu wa Tloma au Oldeani, walio jirani na msitu wa nyanda za juu ambako tembo na nyati hutoka jioni kuingia mashambani, kukwama njiani saa moja usiku ni hatari ya maisha.

Oili ni ya klachi na gia kama ilivyo ya injini, kwa kuwa kwenye pikipiki hizi vyote vitatu vinaoga kwenye beseni moja. Ndiyo sababu oili ya gari haifai hata kama ni ya bei: baadhi yake ina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi inaishi kwa msuguano. Tafuta chupa ya pikipiki yenye maandishi JASO MA. Unene wa 20W-50 unafaa kwa joto la Mto wa Mbu, lakini asubuhi za Juni na Julai Karatu ni baridi kweli, na oili nzito iliyolala usiku kucha huzigandisha pleti za klachi. Gia ngumu dakika tano za kwanza kisha zikalainika si ugonjwa. Gia zinazokuwa ngumu injini ikishapata moto ndizo za kuchunguza.

Unapomwaga oili, ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Utelezi wa kijivu kama uji mwembamba ni msago wa kawaida. Kipande cha chuma chenye kona ni jino, na hapo usiendelee kuendesha. Oili chafu isimwagwe mfereji wala shambani: maji ya Karatu na chemchemi zinazomwagilia vitunguu vya Mang'ola yanatokana na msitu na milima ya Ngorongoro juu yetu, na udongo wa hapa unapitisha. Wanaopaka nguzo na mbao dhidi ya mchwa wataichukua kwa furaha.

Cheni niitaje kwa kifupi. Ikilegea zaidi ya sentimita tatu, kila badiliko la gia huja na mrusho ambao dereva hudhani unatoka ndani.

Yakishakaguliwa hayo yote na ugonjwa ukabaki, sasa tunaingia ndani kwa haki. Pedali inayolala chini na kungojea kuinuliwa kwa kidole cha mguu, ikiwa matope hayapo na shafti haijapinda, ina springi ya kurudisha iliyokatika au pini yake imelegea. Gia inayoingia vizuri lakini inaponyoka kwenye barabara mbaya hata bila mzigo mkubwa, huenda springi ya rola imechoka na nyota haishikwi. Kwenye injini za ukoo wa CG sehemu hizi mbili ziko chini ya kava la klachi, nazo hufikiwa bila kulipasua kasha lenyewe. Mwambie fundi hivyo kwa adabu: fundi, naomba tufungue kava la klachi kwanza tuangalie springi na nyota. Fundi mzuri, na Karatu inao, atafurahi kuhudumia mtu aliyeshapima.

Gia inayochomoka kila unapoongeza mafuta mlimani, daima ileile moja, ndiyo ya kupasua. Meno ya ubavuni yamekuwa mviringo, au foku imepinda. Mara nyingi tabia ndiyo iliyoyala. Mguu unaopumzishwa juu ya pedali safari nzima hukandamiza foku kwenye gia inayozunguka, na zote mbili hulika. Kuteremka ukuta wa Manyara kwa nyutro ili kuokoa petroli, kisha kutia gia ghafla pikipiki ikiwa kasi na injini iko taratibu, hugonga meno yale kona kwa kona, pamoja na kuziachia breki za dramu kazi ya kushusha uzito wote peke yake. Petroli inayookolewa kwenye mteremko ule haifiki hata bei ya foku moja, na abiria aliyekaa nyuma hakukubali kushushwa hivyo.

Marekebisho yakikamilika, jaribu kwanza pikipiki tupu kwenye barabara tambarare ya mjini, upandishe na kushusha gia zote, kisha ndipo upakie. Bolti ya pedali mpya hulegea kidogo siku za mwanzo meno yake yanapojikalisha kwenye ya shafti, na mawimbi ya barabara ya vumbi huharakisha kulegea huko. Ukirudi kutoka Mang'ola mara ya kwanza, kabla hujachukua abiria mwingine, weka spana ya namba 10 na uikaze tena, halafu utazame ule mstari wa rangi ya kucha kama bado haujakatika.